Saa kumi ikikaribia, watoto wangu hujificha kwenye mahindi

BARUA

Mwalimu,

Pokea salamu kutoka Busia. Nimeianza barua hii mara tatu na kuichana mara tatu, kwa hivyo ukiona nimerukaruka, univumilie.

Nafundisha Gredi ya 5 katika shule ya msingi ya umma, kama dakika ishirini kwa boda boda kutoka mjini. Darasani kwangu kuna watoto 68. Dawati la wawili hukaliwa na wanne, na mvua ikipiga mabati sote hunyamaza mpaka iishe, maana hakuna anayesikika.

Mwaka jana nilihudhuria warsha ya siku mbili kuhusu kuwasaidia wanafunzi kwa ngazi. Tulielezwa kwamba shule inafaa kuwa na ngazi tatu za msaada: ya kwanza ya watoto wote, ya pili ya wachache wanaohitaji kuongezewa, na ya tatu ya mmoja mmoja mwenye shida nzito. Nilirudi nimejaa moyo. Nilimweleza mwalimu mkuu, naye akafurahi kuliko nilivyotarajia. Baada ya wiki moja nikakuta tangazo mlangoni pa ofisi: wanafunzi wa Gredi ya 5 wamegawanywa Kundi A, B na C kwa alama za mtihani wa mwisho wa muhula. Kundi C watabaki kila jioni, saa kumi hadi saa kumi na moja, kwa masomo ya ziada. Kila mzazi atatoa shilingi 20 kwa jioni moja, za kumshika mkono mwalimu. Na mwalimu mwenyewe ni mimi.

Watoto 22 walikuwa kwenye orodha. Haikupita wiki wenzao wakawapa jina: Kundi la Mkia. Sasa saa kumi ikikaribia naona vichwa vikiinama. Wengine huomba ruhusa ya kwenda msalani, wasirudi. Shamba la shule lina mahindi yaliyopita kimo cha mtu, na siku moja nikipita kando yake nilisikia kikohozi. Nikaingia. Niliwakuta wanne wamechuchumaa kati ya mistari, mikoba ya vitabu mapajani, wakisubiri kengele ya kwenda nyumbani. Waliponiona hawakukimbia. Mmoja aliniuliza, "Mwalimu, ukitutoa hapa, wenzetu wataona?"

Aliyeniuliza ni msichana wa miaka 11. Mama yake huuza samaki wa kukaanga jioni, naye humsaidia mpaka usiku. Shilingi 20 hawana. Kuna siku mbili nilimwona amesimama nje ya dirisha akinakili kutoka ubaoni, kwa sababu mwalimu wa zamu alimwambia asiingie kabla ya kulipa. Nami sikutoka kumwita. Hilo linaniuma mpaka leo. Baada ya siku ile ya mahindi hakuja tena shuleni. Leo ni siku ya tisa.

Kuna jambo jingine nililofanya bila kumwambia mtu. Kwa wiki mbili, wakati wa chakula cha mchana, nilimwita mtoto mmoja mmoja na kumpa hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha Gredi ya 2 anisomee. Kati ya watoto 68, watoto 30 walikwama. Lakini kati ya wale 22 wa Kundi C, saba waliisoma mpaka mwisho bila shida, na yule msichana ni mmoja wao. Niliangalia rejista pia. Katika hao 22, kumi na wawili walikosa zaidi ya siku kumi muhula uliopita, na nyingi ni siku za soko.

Walimu wenzangu wamegawanyika. Mmoja ananiambia kugawa watoto kwa viwango ni dhambi, wote wafundishwe pamoja basi. Mwingine anasema hii ni kazi isiyo na malipo na nisiwaongezee mzigo. Mwalimu mkuu si mtu mbaya. Anasukumwa na wastani wa shule, na wazazi wanamuuliza kila mkutano.

Naomba uniambie: je, wazo lenyewe la ngazi ndilo baya, au sisi ndio tuliliharibu? Na kama linaweza kurekebishwa, nianzie wapi mimi nisiye na cheo?

Mwalimu wa Gredi ya 5, Busia

JIBU

Mwalimu mwenzangu,

Barua yako nimeisoma jioni, nikaisoma tena asubuhi. Nianze na yule mtoto wa dirishani, kwa sababu umeandika kwamba hukutoka kumwita. Mimi niliwahi kufanya vibaya kuliko hivyo. Nikiwa mwalimu wa darasa, zamani kidogo, nilipanga madawati kwa alama. Wa kwanza alikaa mbele karibu nami, wa mwisho akakaa ukutani karibu na mlango, na kila mwezi nikiwahamisha mbele ya macho ya wote. Niliamini nawatia bidii. Miaka mingi baadaye nilikutana na mmoja wa wale wa ukutani, mtu mzima mwenye duka lake. Alinisalimu kwa heshima zote, akaniambia kwamba mpaka leo akiingia kanisani hukaa benchi la nyuma. Hakuwa ananilaumu, alikuwa ananieleza tu. Kwa hiyo sikuandikii kama mtu aliye na mikono safi.

Sasa swali lako. Wazo si baya. Ila kwenye ule mlango wa ofisi liligeuzwa kichwa chini. Ulichofundishwa warshani ni ngazi za msaada. Kilichobandikwa ni ngazi za watoto. Msaada ndio unaofaa kupanda na kushuka, leo mwingi, kesho kidogo, kwa kusoma hivi na kwa hesabu vile, na mtoto akabaki kuwa mwanafunzi wa Gredi ya 5 kama wenzake. Ukishampa mtoto herufi C, hiyo herufi huingia naye nyumbani.

Wanaotumia mpango huu kwa wingi ni Marekani, na mizizi yake ni ya watu wa afya ya umma: kwanza linda kila mtu, kisha waongezee walio hatarini, kisha mtibu kwa karibu anayeumwa. Hesabu wanayoitaja huko ni kwamba ngazi ya kwanza ikifanya kazi vizuri, itawatosha kama asilimia 80 ya wanafunzi, asilimia 15 hivi watahitaji kuongezewa, na kama 5 watahitaji msaada wa mtu binafsi. Si sheria, ni kipimo cha kujipima. Kwa darasa lako la 68 ingekuwa kama watoto 54, kumi, na watatu au wanne.

Wewe umekuta 30 waliokwama kwenye hadithi ya Gredi ya 2. Hao ni karibu nusu ya darasa! Nusu ya darasa haiwezi kuwa "wachache wanaohitaji kuongezewa". Nyumba ikivuja vyumba vyote huweki sufuria sita, unapanda juu ya paa. Kinachovuja kwenu ni ngazi ya kwanza, yaani somo la kawaida la asubuhi, lile wanalopata wote. Hakuna saa ya jioni itakayoziba hilo, hata ungelipwa mara kumi.

Halafu tazama hesabu zako tena, maana zina jambo ambalo hukulisema. Wa Kundi C ni 22, na saba kati yao wanasoma. Wamebaki 15 waliokwama. Lakini waliokwama kwa jumla ni 30. Kwa hiyo kuna watoto 15 wasioweza kusoma hadithi ya Gredi ya 2 ambao hawamo katika orodha yoyote ya msaada. Wamekaa kimya ndani ya B, labda hata A. Ukiwa na mtihani wa kuchagua jibu na dawati lenye watoto wanne, haishangazi. Orodha ile imewaaibisha saba wasiostahili kuwa pale na kuwasahau 15 waliostahili. Ukienda kwa mwalimu mkuu, nenda na hesabu hiyo tu, kwenye karatasi moja. Usiende na neno haki. Yeye anataka wastani upande. Mwonyeshe kwamba orodha yake imekosa nusu ya wanaouvuta chini.

Kuhusu yule mwenzako anayesema wote wafundishwe pamoja basi, msikilize, kwa sababu anachokiogopa ndicho ulichokiona kwenye mahindi. Lakini kufundisha wote kwa kitabu kimoja nako huwaacha watoto nyuma, na ushahidi wake uko hapohapo kwenu. Miaka ya 1990 vitabu vya kiada viligawiwa katika shule za msingi za Busia na Teso, na watafiti wakafuatilia matokeo. Alama za wastani hazikupanda. Walionufaika ni wale waliokuwa juu tangu mwanzo. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, lugha ya tatu kwa wengi wao, na vililenga mtoto aliyekwenda sambamba na silabasi. Kitu kilekile kilichogawiwa kwa usawa kikawafikia walioweza kukifungua tu.

Kisha mwaka 2005, katika mkoa wa Magharibi wa zamani, shule 121 zilipata mwalimu wa ziada na kugawa darasa la kwanza katika mikondo miwili. Katika shule 60 waligawa kwa kiwango, katika 61 waligawa bila kuangalia kiwango. Pale walipogawa kwa kiwango, watoto wa nusu ya juu walifanya vyema zaidi, na wa nusu ya chini vilevile. Sababu waliyoieleza watafiti ni kwamba mwalimu aliweza kufundisha pale mtoto alipo. Hapo ndipo pa kukazia macho, mwalimu. Si ule mgawanyo uliowafaa. Ni kwamba somo lilibadilika. Kundi C lako linafundishwa nini saa kumi? Kama ni kurudia yaleyale ya Gredi ya 5 kwa sauti ya juu zaidi, basi wamegawanywa bure.

Sasa nikwambie ningefanya nini.

Ningechukua kipindi kimoja cha asubuhi, kila siku, Gredi ya 4, ya 5 na ya 6 kwa pamoja, na kukifanya kipindi cha kusoma cha shule. Kengele ikilia, kila mtoto anainuka na kila mwalimu anainuka. Wa herufi wanakwenda mahali pao, wa maneno mahali pao, wa aya, na wa hadithi. Ni zile hatua za Uwezo, wale waliozunguka nyumba kwa nyumba nchini tangu 2009 wakiwapima watoto kusoma. Shirika la Pratham la India limefundisha kwa mtindo huo miaka mingi. Makundi yaitwe kwa mahali: chini ya mwembe, veranda, Gredi ya 6, jikoni. Mtoto wa Gredi ya 6 na wa Gredi ya 4 watakutana chini ya mwembe, na kwa sababu shule nzima imehama, hakuna anayebaki kutazama nani kaenda wapi. Aibu ya Kundi la Mkia ilitokana na 22 kubaki huku 46 wakikimbilia mpira.

Chini ya mwembe hakuna kitabu cha Gredi ya 5. Kuna kadi za silabi ulizokata kwenye katoni za sabuni, kuna hadithi fupi iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya manila, wewe unasoma kwa kidole wanakufuata, kisha wawiliwawili, kisha mmoja. Wanaandika kwenye mchanga kwa kijiti. Kila baada ya wiki nne au tano, mpime kila mtoto tena kwa ile njia yako ya wakati wa chakula, na anayeweza ahame siku hiyohiyo bila kusubiri muhula. Utaona mambo ya ajabu. Mtoto wa miaka 12 aliyenyamaza miaka mitatu huanza kusoma mabango barabarani kwa sauti.

Walimu wenzako hawaongezewi saa hata moja kwa hilo. Ni kipindi kilichomo ndani ya ratiba. Huyo anayelalamika kuhusu kazi isiyo na malipo ana haki kabisa, na ukianza kwa kumwomba jioni zake utampoteza. Mpe kundi la hadithi kwanza, ndilo jepesi. Mwite pia CSO, yaani afisa wa kusaidia mtaala, wa zoni yenu aje aone kipindi kimoja. Wengi wao walizunguka madarasani miaka ya Tusome, ule mpango wa kitaifa wa kusoma kwa madarasa ya chini, wakiwasikiliza watoto wakisoma, na neno lake kwa mwalimu mkuu lina uzito kuliko langu.

Ngazi ya kwanza si kusoma tu. Kaunti yako ina mfano bora kuliko wowote ninaoujua. Mwaka 1998 ulianza utafiti wa dawa za minyoo katika shule 75 huko Busia. Hawakumpima kila mtoto kwanza ili kumtafuta mwenye minyoo. Palipokuwa na minyoo mingi waliwapa dawa watoto wa shule kwa pamoja, kwa sababu ni rahisi, na hakuna aliyejulikana kuwa ndiye mwenye minyoo. Utoro ulipungua kwa karibu robo, na hata watoto wa shule jirani ambao hawakupewa walinufaika. Jiulize ni nini kingine kwenu cha namna hiyo, ambacho mnakigawa kwa kumtenga mhitaji wakati ingekuwa heri kukiweka wazi kwa wote. Kalamu za akiba mezani kwa mwalimu. Uji, kama mnao. Sodo: tangu marekebisho ya sheria ya 2017 serikali inapaswa kumpa kila msichana aliyebaleghe shuleni, kwa hiyo zikifika zisifungiwe kabatini mpaka msichana aje kuomba kwa mwalimu wa kiume.

Ngazi ya pili itakuwa ndogo sana ukishaziba hilo paa. Watano au sita, mara tatu kwa wiki, kwa muda wa wiki sita, na tarehe ya mwisho iandikwe siku ya kwanza. Tarehe hiyo ni muhimu kuliko unavyodhani, kwani kundi lisilo na mlango wa kutokea hugeuka kuwa gereza. Wasichukuliwe wakati wa michezo wala chakula. Na ukiona aliyekaa wiki sita hajasogea, usiseme hafai. Sema tulichompa hakikumfaa, tujaribu kingine.

Shilingi 20 ziondoke. Hilo si la kujadiliana. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 29, inakataza shule ya umma kutoza karo ya masomo, na hata michango mingine inayoruhusiwa ina utaratibu wake wa kuidhinishwa, na mtoto hafai kufungiwa nje kwa kutolipa. Mwalimu mkuu wako anaijua. Mkumbushe mkiwa wawili tu, taratibu, kwa faida yake mwenyewe: siku mzazi mmoja akienda na lalamiko hilo ofisi ya elimu, jina litakalotajwa ni lake. Na msisitizie jambo moja ambalo wengi hawalioni. Msaada unaouzwa hauwezi kumfikia mwenye shida kuliko wote, maana mara nyingi shida yake na ukosefu wa ile shilingi 20 ni kitu kimoja.

Ngazi ya tatu ni ya watatu au wanne ambao utawajua kwa majina. Hapa polepole, na mdomo ufungwe. Yupo anayekosa siku nyingi na kurudi macho yana manjano, viungo vinauma: huku kwetu karibu na ziwa selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, ni wa kawaida, na nimeona watoto wake wakichapwa kwa uvivu. Yupo asiyesikia vizuri, anayekutazama mdomo kila unapoongea. Yupo anayeandika herufi kinyume baada ya miaka mitano ya juhudi. Hao wapelekwe kwenye kituo cha tathmini, EARC, vile vilivyoanzishwa 1984. Nenda na mzazi, usimpe barua tu. Mzazi anayepewa barua husoma kwamba mtoto wake anafukuzwa. Kabla hata ya tathmini kuna unayoweza kuyafanya kesho: asiyesikia vizuri akae mbele, mbali na dirisha la barabara, mwenye selimundu aruhusiwe kunywa maji na kutoka wakati wowote bila kuomba mbele ya watu, na aliyokosa akiwa amelazwa aandikiwe na rafiki mmoja uliyemchagua. Na wale wenye fujo, hao nao wapo katika ngazi hizi. Kiboko kilipigwa marufuku na kifungu cha 36 cha sheria ileile, na mtoto mwenye hasira kila Jumatatu ana jambo la Jumapili la kukueleza, ukipata nafasi ya kumsikiliza.

Nunua daftari moja la kawaida. Kila mtoto wa ngazi ya pili na ya tatu apate ukurasa. Andika shida kwa maneno ambayo mama yake angeweza kuyasikia bila kulia, andika mlichoamua kufanya, siku mtakayoangalia tena, na kilichobadilika. Walimu watatu wakae nalo nusu saa kila baada ya wiki mbili. Na mara moja kwa muhula, fanyeni kile ulichokifanya na rejista. Pitieni majina yote mkiuliza: wasichana ni wangapi hapa? Wanaotoka upande gani? Wanaozungumza lugha gani nyumbani? Kule kwenu darasa moja lina watoto wa Kiteso, wa Kisamia na wa Kikhayo, na mwalimu akizoea kufafanulia jambo gumu kwa lugha yake mwenyewe, watoto wa lugha nyingine huonekana wajinga bila mtu kukusudia. Kama orodha ya msaada imejaa watoto wa kijiji kimoja au lugha moja, swali linaturudia sisi walimu.

Zile siku za soko umeziona mwenyewe. Kumi na wawili kati ya 22 hawana shida ya akili, wana shida ya kuwa na kazi. Usianze na chifu. Najua ndiyo njia ya mkato, lakini mama aliyefuatwa na chifu atamficha mtoto vizuri zaidi. Nendeni kwenye mkutano wa wazazi na rejista, someni tarehe bila majina, na mwulize bodi ya shule nani anaweza kuongea na akina mama wa soko. Daima yupo mmoja wanayemsikiliza. Siku ya soko msiweke mtihani wala somo jipya la hesabu, iwe siku ya marudio, angalau kwa muhula huu.

Umeniuliza uanzie wapi ukiwa huna cheo. Una daftari lenye majina 68 na jinsi kila mmoja anavyosoma. Nimekuwa mwalimu mkuu miaka 11, na sikuwahi kuwa na karatasi ya thamani hiyo mezani kwangu.

Lakini kabla ya yote hayo kuna siku tisa za yule msichana. Usingoje mpango ukamilike. Nenda kwao kesho, uende na mwalimu wa kike, msivae sura ya ukaguzi. Nendeni mapema, kabla mama hajawasha moto wa samaki, maana akishawasha hatakuwa na muda nanyi na atakuwa sahihi. Mwambie mama kwamba mtoto wake anasoma Kiswahili bila kukwama, kwa sababu sidhani kama kuna mtu wa shule aliyewahi kwenda pale kumwambia jambo zuri. Mwambie hakuna pesa anayodaiwa. Mwombe radhi mtoto kwa ile siku ya dirisha, mama yake akisikia. Kisha uliza pamoja nao ni saa ngapi za usiku anazoweza kupunguziwa, na muda wa masomo yake utoke wapi mchana. Beba ile hadithi uliyompa wakati wa chakula. Gredi ya 1 inahitaji mtu wa kuwasomea asubuhi kabla ya gwaride, na ningependa awe yeye.